Kuomba nafasi ya uteuzi wa kamati, Tournament of Champions: binti ana tiketi moja, tuandike nini?

MzaziTexas

Wanajukwaa, habari za wakati huu, na shikamooni wale mnaostahili shikamoo. Naomba mwongozo wa mtu mwenye uzoefu wa midahalo ya shule za sekondari za Marekani, kwa kuwa mimi nilisoma Morogoro, ambako mdahalo ulikuwa shughuli ya Ijumaa mchana, tukibishana iwapo maisha ya mjini ni bora kuliko ya kijijini, na mwalimu wa zamu ndiye aliyekuwa jaji, mtunza muda na mpiga kengele kwa wakati mmoja. Haya ya huku, yenye tiketi za kufuzu, kamati za uteuzi na majaji wa kulipwa, nimekutana nayo kupitia mtoto.

Binti yangu yuko darasa la 11 katika shule ya serikali nje kidogo ya Dallas, na anashiriki mdahalo wa Lincoln-Douglas, ule wa mtu mmoja dhidi ya mmoja. Msimu huu amekata tiketi moja ya kwenda Tournament of Champions, mashindano ambayo Chuo Kikuu cha Kentucky kimekuwa kikiyaandaa Lexington tangu mwaka 1972. Kwa kanuni za kawaida zinatakiwa mbili. Hiyo moja aliipata mwezi Novemba katika shindano la hapa Texas linalotoa tiketi kwa wanaofika robo fainali. Ya pili imemponyoka katika mashindano mawili makubwa ya nje ya jimbo, ambayo hutoa tiketi kuanzia hatua ya 16 bora. Kote alitolewa hatua ya 32 bora, na katika lile la pili majaji watatu waligawanyika kura 2 kwa 1.

Nimeelewa kwamba mwenye tiketi moja anaweza kuomba mojawapo ya nafasi ambazo kamati huzijaza kwa uamuzi wake yenyewe. Shule yetu haina kocha wa kudumu. Mwalimu wa historia ndiye mlezi wa klabu, ni mtu mwema sana, lakini mambo ya mashindano ya kitaifa kwake ni mageni kama yalivyo kwangu, na ameniomba nimsaidie kuandaa maelezo. Je, kamati inatazama nini hasa? Na je, tueleze hali yetu? Mimi ningependa waelewe kwamba mtoto huyu anasafiri kwa gari la baba yake na kuandaa hoja zake peke yake chumbani, ilhali anakutana na watoto wa shule za kulipia zenye makocha watatu na wasaidizi waliohitimu juzi tu. Mama yake anasema huko ni kuomba huruma na kwamba mtoto mwenyewe akiisoma barua ya namna hiyo ataona aibu. Hatujakubaliana, na mwalimu anasubiri rasimu.

Natanguliza shukrani.

KochaMstaafu

Marahaba, ndugu yangu, na mpe binti hongera zangu. Nimefundisha Lincoln-Douglas kwa miaka mingi katika majimbo ya kaskazini kabla ya kustaafu, na nimeandaa maombi ya namna hii, mengine yakakubaliwa na mengine yakakataliwa, kwa hiyo nitakueleza jinsi ninavyoyaona.

Kwanza, anayeomba ni shule kwa niaba ya mwanafunzi, mzazi hahusiki kikanuni. Mwalimu huyo akiwa ndiye anayetambuliwa na shule, jina lake ndilo litakaloingia kwenye fomu. Wewe msaidie kukusanya matokeo na kuyapanga, lakini usiandike barua yako mwenyewe na kuiambatisha. Watakaoisoma ni watu waliokaa kwenye midahalo muda mrefu, na wameshasoma barua za kutosha za wazazi wanaoamini kwamba mtoto wao alidhulumiwa na jaji.

Pili, na hapa ndipo penye uzito, kamati haikai kuuliza nani anastahili, kwa sababu karibu kila anayeomba ana tiketi yake moja, ana bidii, na ameikosa ya pili kwa kidogo. Inachotaka kujua ni iwapo mwanafunzi huyu akikutana na wale waliokwisha kufuzu ataweza kuwashinda, na ushahidi unaoaminika wa jambo hilo ni kwamba amekwisha kukutana nao msimu huu na kuwashinda baadhi yao. Kaeni basi na binti mpitie raundi zake zote katika tovuti ya Tabroom, ambako matokeo ya mashindano yako wazi kwa yeyote, na kila mpinzani aliyemshinda mtazame amemaliza msimu wapi: ana tiketi ngapi, alifika hatua gani, katika shindano lipi. Kazi hii inachosha na hakuna njia ya mkato, lakini ndiyo maombi yenyewe, na mengine yote ni maelezo ya pembeni.

Wanaoanza hujikwaa kwenye namna ya kuandika matokeo. Wataandika kwamba mwanafunzi alishinda raundi 5 kati ya 6, wakidhani wamesema kitu. Baada ya raundi mbili za mwanzo, ambazo hupangwa kabla, programu huwakutanisha washiriki wenye rekodi zinazolingana, ndiyo maana mtu anaweza kushinda raundi 4 na kupoteza 2 kwa kukutana na vigogo wawili, na mwingine akashinda 5 bila kukutana na yeyote wa kutisha. Andika hivi: "Raundi za awali, 5–1. Alipoteza raundi ya nne tu, kwa mpinzani mwenye tiketi mbili. Aliowashinda yeye katika raundi ya tano na ya sita wana tiketi moja kila mmoja. Alitolewa hatua ya 32 bora kwa kura 2 kwa 1 na mshiriki aliyeendelea hadi nusu fainali." Hizo ni sentensi nne zisizo na sifa hata moja, na msomaji anaijua thamani yake papo hapo.

Zingatia pia kwamba tiketi zinahesabiwa sawa kikanuni, lakini mashindano hayana uzito mmoja machoni pa watu hawa. Lipo shindano ambalo ni wawili tu wa fainali wanaopata tiketi. Yale makubwa, kama Glenbrooks ya Illinois mwezi Novemba, la Emory kule Atlanta mwezi Januari, au la Harvard na la Berkeley mwezi Februari, hutoa kwa wote 16, kwa sababu waliofika hapo wamepita katika tundu la sindano. Kushindwa kwa kura 2 kwa 1 katika hatua ya 32 bora ya shindano la namna hiyo ni jambo ambalo kamati italipima kwa makini, pengine kuliko kikombe alichokitwaa karibu na nyumbani. Msilifiche chini ya ukurasa eti kwa kuwa alishindwa.

Mwisho, orodhesha kila shindano la msimu, pamoja na lile ambalo hakuvuka raundi za awali. Nina hakika liko moja, maana kila mtu analo. Ukiliruka, mjumbe mmoja atalikuta Tabroom baada ya dakika mbili, na kuanzia hapo kila mstari mwingine atausoma kwa jicho la shaka.

Kuhusu hali yenu ya kifedha na ukosefu wa kocha, nakubaliana na mama wa mtoto. Acheni.

AlumniNDT

Salaam kwenu. Mimi sikupita TOC, yaani hiyo Tournament of Champions, lakini nilifanya midahalo ya chuo kikuu huku, na ninataka kuunga mkono sehemu kubwa ya maneno ya Kocha kabla sijatofautiana naye kwenye ile sentensi yake ya mwisho.

Huku vyuoni jambo hili limewekwa wazi zaidi. Mashindano ya NDT, yale ya kitaifa ya midahalo ya vyuo, yaliyoanza mwaka 1947 katika chuo cha kijeshi cha West Point, kwa miaka mingi yamekuwa yakichukua timu 78, na 16 kati yake hupewa nafasi mapema na kamati bila kupitia mchujo wa wilaya zao, halafu kuna awamu ya pili ya nafasi za kamati baada ya michujo hiyo. Wajumbe hupewa rekodi za waombaji na kuwapanga kwa kura, wa kwanza hadi wa mwisho, na ukiwasikiliza wanavyojadiliana utagundua kwamba hawamzungumzii mtu mmoja mmoja. Wanazungumzia jozi: huyu na yule walikutana mara ngapi, nani alimshinda nani, katika raundi ya awali au ya mtoano, na kama hawakukutana, ni wapinzani gani waliokutana nao wote wawili. Binti akiweza kuonyesha kwamba alimshinda mtu ambaye mwombaji mwingine ameshindwa naye, amempa mjumbe sababu ya kumpandisha, na mjumbe anahitaji sababu anayoweza kuitamka mbele ya wenzake.

Sasa pale ninapotofautiana. Rekodi haisomeki bila kujua mtu alicheza mara ngapi. Mwanafunzi wa shule yenye fedha anaweza kwenda kwenye shindano la kitaifa karibu kila wikiendi kuanzia Septemba, na akipata tiketi moja katika safari nyingi namna hiyo, hiyo ni habari moja. Mwanafunzi aliyeenda machache, akapata tiketi moja na kufika hatua ya 32 bora katika mengine mawili, hiyo ni habari nyingine kabisa, na msomaji hawezi kuiona tofauti hiyo asipoambiwa. Ndiyo maana ningeweka sentensi moja, moja tu, inayosema idadi ya mashindano yenye tiketi aliyohudhuria na kwamba shule haina kocha wa kuajiriwa. Gari la baba liachwe nje, na shule za kulipia zisitajwe. Mjumbe wa kamati anajua vizuri pengo lililopo. Urban Debate League ya kwanza, ligi ya midahalo kwa shule za serikali za mijini, ilianzishwa Atlanta mwaka 1985 kwa sababu ya pengo hilohilo, na wengi wa makocha wa leo wamefundisha au kuhukumu katika ligi hizo. Hahitaji kuhubiriwa. Anahitaji takwimu ya kuisoma rekodi iliyo mbele yake.

Kwa hiyo, ndugu MzaziTexas, nadhani mama wa mtoto ana haki kuhusu huruma na wewe una haki kuhusu hali, mradi hali yenyewe iandikwe kama sehemu ya hesabu.

MzeeWaHoja

Naomba niwe mpinzani kwa dakika moja. Texas ina mashindano yake ya jimbo ya TFA, chama cha midahalo cha Texas, ambayo mtu hufuzu kwa pointi anazokusanya msimu mzima, na kuna mchujo wa wilaya wa NSDA, chama cha kitaifa cha hotuba na midahalo kilichoanza mwaka 1925 na ambacho mashindano yake ya kitaifa hufanyika mwezi Juni. Kule kote mlango unafunguliwa kwa matokeo, hakuna kamati. Nimeona familia zikitumia Februari na Machi yote zikisubiri jibu la Lexington, mtoto akijiandaa kwa majaji wa aina moja tu, wale wanaofuata maneno zaidi ya 300 kwa dakika, kisha akaenda wilayani mbele ya jaji ambaye ni mzazi wa kawaida mwenye kalamu na karatasi, akashindwa asubuhi. Ombeni, hakuna ubaya, lakini msiache kazi nyingine kwa ajili ya bahati ambayo haiko mikononi mwenu. Na yuko darasa la 11. Msimu ujao upo.

MamaLexington

Jambo kwenu wote, na pole kwa kazi, Baba. Mimi ninaishi hapa Lexington, natoka Bukavu, na kama wengine mnavyojua, sisi Wakongo tuko wengi katika mji huu kiasi kwamba Kiswahili ni moja ya lugha zinazosemwa zaidi katika nyumba za wanafunzi wa shule zetu. Mtoto wangu wa kwanza alifanya midahalo, nami nikajikuta nimekuwa jaji wa kujitolea kwenye mashindano ya jimbo, kwa hiyo nitasema yale ambayo walimu hawa hawajayagusa.

La kwanza ni jaji. Shule inayopeleka mshiriki hudaiwa jaji, na wengi wanaoomba nafasi ya kamati hulisahau jambo hilo hadi siku ya jibu, ambapo majaji wote wazuri wa kukodi wamekwisha kuchukuliwa. Usifikiri kwamba wewe mwenyewe utakaa pale kama jaji na mambo yataisha. Katika TOC washiriki huwapanga majaji kwa daraja kabla ya mashindano, wanayemtaka zaidi juu na wasiyemtaka chini, na mzazi ambaye hajazoea kasi ile huwekwa chini kabisa na karibu kila mtu. Hiyo si dharau, maana ukisikiliza hotuba ya dakika 7 inayosomwa kwa pumzi moja, halafu mwenzake ana dakika 4 tu za kuijibu yote, utaelewa kwa nini wanataka mtu anayeandika haraka kama wanavyosema. Mwalimu azungumze sasa hivi na jaji mmoja au wawili wanaolifahamu Lincoln-Douglas, awaambie ukweli kwamba mnasubiri kamati, na awaulize kama watakuwa tayari mkipata nafasi. Wengi hukubali, kwani walipitia hali hiyohiyo.

La pili ni malazi. Mashindano haya kwa kawaida yanafanyika mwezi Aprili, na Aprili hapa kwetu ni msimu wa mbio za farasi za Keeneland, wakati ambao chumba cha hoteli hupanda bei kama bahari imejaa. Wekeni nafasi mapema katika hoteli inayorudisha fedha mkighairi. Mkikubaliwa, andikeni hapa. Hatuna utajiri, lakini mtoto wa mwenzetu hawezi kufika Lexington akakosa chakula cha nyumbani.

La tatu nauliza tu: mwalimu amekwisha kumwambia mkuu wa shule? Kwa mtoto wangu ilikuwa ruhusa ya safari iliyochelewa zaidi ya kitu kingine chochote, kwa sababu ofisi ilitaka kujua ni mtu mzima gani wa shule atakayefuatana naye, na mzazi peke yake hakutosha.

MzaziTexas

Nawashukuruni sana, tena sana. Mama Lexington, suala la mkuu wa shule lilikuwa halijaguswa kabisa, na mwalimu amekwenda ofisini leo. MzeeWaHoja, nimekusikia, wilayani ataenda, na TFA tayari ana pointi za kutosha.

Tumekaa na binti jana usiku tukapitia Tabroom raundi kwa raundi, na kumbe kuna mambo ambayo hata yeye alikuwa ameyasahau: msichana ambaye yeye alimshinda mwezi Oktoba, wakati huo hana jina, sasa ana tiketi tatu. Hii hapa rasimu ya aya ya maelezo, ukiacha jedwali la matokeo. Naomba mnipasulie bila huruma.

"Tunaamini kwamba mwombaji ni miongoni mwa washiriki bora wa Lincoln-Douglas katika jimbo la Texas. Msimu huu amehudhuria mashindano sita yenye tiketi, bila kocha wa kuajiriwa, na katika matano ameingia raundi za mtoano. Amewashinda washiriki wanne waliokwisha kufuzu, wakiwemo wawili wenye tiketi tatu. Kwa bahati mbaya, katika hatua ya 32 bora ya shindano kubwa la Februari alipoteza kwa kura 2 kwa 1, uamuzi ambao wengi waliokuwapo chumbani waliona haukuwa sahihi. Ni mwanafunzi mwenye nidhamu, bidii na moyo wa kujitolea, na nafasi hii itambadilishia maisha."

KochaMstaafu

Rasimu nzuri kuliko nyingi nilizowahi kuletewa. Nitaipasua kama ulivyoomba.

Sentensi ya kwanza itoke. Imani ya shule kuhusu mwanafunzi wake inajulikana hata kabla ya kufungua fomu. Sentensi ya pili ibaki kama ilivyo, na hapa nampa AlumniNDT haki yake: "mashindano sita, bila kocha wa kuajiriwa, matano ameingia mtoano" inasomeka vizuri sana, na sasa naona kwamba kuiacha kungekuwa kujipunja. Iwe ndiyo ya kwanza.

Ya tatu ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, lakini umeiachia hewani. Hao wanne wataje katika jedwali, na kwa kila mmoja andika shindano, raundi na upande aliosimama binti yako. Upande ni muhimu. Wanaoujua mchezo huu wanafahamu kwamba anayetetea hoja huwa na dakika 4 tu za jibu lake la kwanza baada ya dakika 7 za mpinzani, na kwa hiyo ushindi dhidi ya mtu mwenye tiketi tatu ukiwa upande wa kutetea unasema zaidi. Kama wawili kati ya hao wanne aliwashinda akitetea, liseme hilo.

Kuhusu uamuzi "ambao wengi waliona haukuwa sahihi", futa maneno hayo yote na ubakize kura 2 kwa 1. Huenda mmoja wa majaji wale wawili ni mjumbe wa kamati, au rafiki wa mjumbe, au kocha wa mtu ambaye binti yako atakutana naye tena msimu ujao, kwani dunia ya Lincoln-Douglas ni ndogo. Na hata kama wote ni wageni kwake, mjumbe akisoma malalamiko huanza kujiuliza ni nini kingine kimeandikwa kwa hasira. "Kwa bahati mbaya" nayo iende na hayo.

Sentensi ya mwisho yote itoke. Nidhamu na bidii ni za barua ya kuombea chuo. Hapa hazilinganishiki, maana hakuna mjumbe atakayesema huyu ana nidhamu zaidi ya yule. Nafasi iliyoachwa wazi ijazwe na jambo ambalo hamjaliandika kabisa: mwelekeo wa msimu. Kama matokeo yake ya Januari na Februari ni bora kuliko ya Septemba na Oktoba, na kwa unavyoeleza yanaonekana hivyo, andika kwamba ushindi dhidi ya watatu kati ya hao wanne, au wangapi wale, ulitokea baada ya sikukuu za mwisho wa mwaka. Kamati inachagua watu wa kushindana mwezi Aprili, na inapendelea kujua mtu yuko wapi sasa.

Mengine mawili madogo. Hakikisheni tarehe ya mwisho iliyo katika tovuti ya TOC ya mwaka huu, kisha muone kama kuna shindano lenye tiketi ambalo binti bado anaweza kwenda kabla yake, hata kama ni dogo la karibu linalotoa tiketi kwa wa fainali tu. Akiipata ya pili, maombi yote haya hayana haja tena, na akifika nusu fainali mna mstari mpya wa kuongeza. Kama maombi yamekwisha kutumwa, mwalimu aandike barua pepe fupi yenye matokeo hayo mapya, sentensi mbili zinatosha.

La pili ni la binti mwenyewe. Mada za Lincoln-Douglas hubadilika kila baada ya miezi miwili, na TOC kwa desturi imekuwa ikitumia ile ya Januari na Februari, kama mwaka 2022 walipojadili iwapo ni haki kampuni binafsi kujimilikisha anga za juu. Kwa hiyo akihamia mada ya Machi na Aprili kwa ajili ya wilayani, asiyatupe mafaili ya zamani, na kila wiki atenge jioni moja ya kuyapitia na kuongeza ushahidi mpya, wakati jibu la kamati likisubiriwa.